Chanjo Chuoni, Wanafunzi Mitaani: Lugha na Upangaji wa Chanjo ya Korona kwa Wanafunzi wa Eastlands, Nairobi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna idara ya afya ya chuo inavyoweza kupanga ugawaji wa chanjo wakati wa janga, hasa pale ambapo wanafunzi wengi hawalali chuoni bali katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Kielelezo kinachotumiwa ni mpango wa chanjo ya korona ulioanza nchini Kenya mwezi Machi 2021. Makala yanashikilia kwamba mpango wa chanjo una nguzo mbili zinazotegemeana: nguzo ya vifaa, yaani vichupa, majokofu, viti na orodha, na nguzo ya lugha, yaani maneno ambayo kwayo mwanafunzi huelezwa, huitwa, huridhia na hukumbushwa. Aghalabu nguzo ya kwanza hupewa wataalamu na bajeti, ilhali ya pili huachiwa yeyote aliye na nafasi ya kuandika tangazo. Makala yanapendekeza kwamba wanafunzi wa Kiswahili washirikishwe tangu siku ya kwanza ya upangaji.

1.0 Utangulizi

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, siku mbili baada ya Shirika la Afya Duniani kuutaja ugonjwa huo kuwa janga la ulimwengu. Siku mbili baadaye serikali iliamuru shule na vyuo vifungwe. Wanafunzi wa vyuo vikuu walitakiwa kuwa wameondoka kufikia tarehe 20 mwezi huohuo. Ilichukua takribani mwaka mzima kabla ya chanjo kufika. Tarehe 2 Machi 2021 shehena ya kwanza ya dozi milioni 1.02 za AstraZeneca iliwasili Nairobi kupitia mpango wa kimataifa wa COVAX, na tarehe 5 Machi uchanjaji ukazinduliwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Sensa ya mwaka 2019 ilikuwa imehesabu watu 47,564,296 nchini. Kwa hivyo dozi zilizofika zingetosha mtu mmoja kati ya takribani 47, na hiyo ni kwa dozi moja tu ilhali chanjo yenyewe ilihitaji mbili. Uhaba huo ndio uliozaa haja ya kupanga. Panapokuwa na kingi cha kugawa, mgawaji hukosolewa kwa uvivu. Panapokuwa na kidogo, hukosolewa kwa dhuluma. Idara ya afya ya chuo hujikuta katika hali hiyo ya pili, na maamuzi yake hugusa uhai wa watu.

Suala hili halijapitwa na wakati. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023. Hata hivyo, tarehe 14 Agosti 2024 shirika hilohilo lilitangaza dharura nyingine ya kimataifa, safari hii kwa sababu ya mpox, ugonjwa uliokuwa umeenea katika nchi kadhaa za Afrika zikiwemo za Afrika Mashariki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafunzo ya mwaka 2021 yanafaa kuandikwa yangali yanakumbukwa.

2.0 Usuli: Eastlands na Chanjo

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyo mashariki mwa jiji la Nairobi. Ndani yake mna mitaa mikongwe kama Pumwani, Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati na Jericho. Mna Eastleigh, Buruburu, Umoja na Donholm. Na mna Dandora, Kayole na Komarock. Ukijumlisha idadi ya watu katika kaunti ndogo za Embakasi, Njiru, Kamukunji na Makadara kwa mujibu wa sensa ya 2019, unapata watu 2,073,102. Hii ni karibu nusu ya wakazi wote 4,397,073 wa Nairobi. Kwa kuwa mabweni ya vyuo hayatoshi na kodi ya nyumba maeneo hayo ni nafuu kuliko magharibi mwa jiji, wanafunzi wengi hupanga vyumba humo, wengine wakiishi na wazazi au jamaa zao.

Hali hii ina matokeo makubwa kwa mpangaji wa chanjo. Mwanafunzi anayepanga Kayole husoma mjini, husafiri kwa matatu, hununua chakula kibandani na hulala katika ploti yenye familia nyingi. Maambukizi hayamsubiri langoni mwa chuo. Tarehe 6 Mei 2020 serikali ilipopiga marufuku watu kuingia na kutoka Eastleigh, marufuku yaliyoendelea hadi mapema mwezi Juni, ilidhihirika kwamba anwani ya mtu inaweza kuamua anachoruhusiwa kufanya. Iwapo vyuo vingekuwa wazi wakati huo, mwanafunzi wa Eastleigh angekuwa amesajiliwa chuoni bila uwezo wa kufika darasani.

Aidha, Eastlands ina historia yake yenyewe ya chanjo. Kuanzia miaka ya katikati ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada waliwafuatilia wanawake wa Majengo, Pumwani, waliokuwa katika biashara ya ngono. Baadhi ya wanawake hao walikabiliwa na virusi vya UKIMWI mara nyingi pasipo kuambukizwa. Ufahamu uliotokana na kinga yao ulichangia kubuniwa kwa chanjo ya majaribio iliyoandaliwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Oxford na kile cha Nairobi, na ambayo ilianza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001. Chanjo hiyo haikufua dafu: kufikia mwaka 2004 ilibainika kwamba nguvu yake ya kuamsha kinga ni ndogo. Hata hivyo, mchango wa wanawake wale katika sayansi unabaki. Vilevile, mwaka 2018 virusi vya polio vilivyotokana na chanjo viligunduliwa katika sampuli ya majitaka kutoka Eastleigh, na kampeni za kuchanja watoto zikafuata.

Kwa hivyo, mkazi wa Eastlands anaposikia neno chanjo, halisikii kwa mara ya kwanza. Analisikia likiwa na kumbukumbu: ya watoto waliotiwa matone mdomoni mlangoni mwa nyumba, ya watafiti waliochukua damu, na ya uvumi ulioenea kila mara kampeni ilipofika.

3.0 Hatua za Upangaji

3.1 Kuhesabu na kuweka kipaumbele

Hatua ya kwanza ni kujua nani yupo. Orodha ya msajili huonyesha waliolipa karo. Haionyeshi wanakolala, walio mafunzoni nyanjani, wala wenye maradhi ya kudumu. Idara ya afya inayopanga kwa orodha hiyo pekee huagiza dozi za watu ambao hawatafika na kuwasahau waliopo.

Katika awamu ya kwanza serikali ya Kenya iliwatanguliza wahudumu wa afya, walimu na maafisa wa usalama, kisha wazee wa miaka 58 na zaidi wakaongezwa. Mwanafunzi wa miaka 20 mwenye afya njema alikuwa mwishoni mwa foleni, na kwa haki, kwa kuwa hatari ya kufa kutokana na korona huongezeka kadiri umri unavyosonga. Lakini jina mwanafunzi huficha tofauti nyingi. Mwanafunzi wa uuguzi anayefanya zamu wodini ni mhudumu wa afya kwa kazi ingawa si kwa cheo. Mwanafunzi mwenye kisukari au selimundu ana hatari isiyolingana na ya jirani yake wa dawatini. Halikadhalika, mpishi wa bwalo, mlinzi wa lango na mfagiaji wa bweni hukutana na watu wengi kuliko profesa. Mpango mzuri hupanga watu kwa hatari inayowakabili, wala si kwa vyeo vyao.

3.2 Baridi, vichupa na muda

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, utoaji wa huduma za afya umegatuliwa kwa kaunti. Chuo hakijiagizii chanjo. Dozi hutoka bohari kuu ya taifa iliyoko Kitengela, hupitia bohari za kanda na za kaunti ndogo, kisha hufika kituoni. Safari hii yote huitwa mnyororo baridi, na kama mnyororo wowote, hukatikia palipo pete dhaifu. AstraZeneca huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kiwango ambacho jokofu la kawaida la chanjo linakimudu. Pfizer huhitaji majokofu ya takribani nyuzi 70 chini ya sufuri, na ikishayeyushwa hukaa katika nyuzi 2 hadi 8 kwa muda mfupi tu, uliohesabiwa siku. Kwa sababu hiyo, zahanati ya chuo ambayo jokofu lake huzimika kila umeme unapopotea haipaswi kukabidhiwa chanjo ya kulala. Iletewe dozi za siku hiyo katika sanduku lenye vipande vya barafu, na zinazobaki zirudishwe kabla ya jua kutua.

Kichupa nacho kina masharti yake. Kichupa kimoja cha AstraZeneca kilikuwa na dozi 10, na kikishafunguliwa kilipaswa kutumika ndani ya saa 6. Mhudumu anayekifungua kwa ajili ya watu watatu humwaga dozi saba.

3.3 Ukumbi wa kuchanjia

Mfano ufuatao ni wa kufikirika, lakini hesabu zake ndizo anazozihitaji mpangaji. Chukulia chuo chenye wanafunzi 3,000, ambao 1,200 kati yao wamekubali kuchanjwa. Wachanjaji ni wanne, na kila mmoja humhudumia mtu kwa dakika 5. Kwa saa moja watahudumia watu 48. Kwa saa 5 za kazi, watu 240. Na kwa siku 5, watu wote 1,200. Kila siku vitahitajika vichupa 24.

Kila aliyechanjwa hutakiwa kuketi dakika 15 akiangaliwa, endapo atapata mzio wa ghafla. Watu 48 kwa saa, kila mmoja akiketi robo saa, wanahitaji viti 12 wakati wowote. Chumba chenye viti sita basi kitaisimamisha foleni nzima hata kama wachanjaji ni hodari namna gani. Tena, ikiwa siku fulani watafika watu 233 badala ya 240, kichupa cha 24 kitafunguliwa kwa ajili ya watu watatu. Dawa ya tatizo hili ni orodha ya akiba: majina na namba za simu za watu walio karibu, wawe wanafunzi, wafanyakazi au majirani wa chuo, wanaoweza kufika katika muda wa saa moja wakiitwa. Kwa mwanafunzi anayeishi Komarock na anayesubiri matatu msongamano wa jioni, saa moja haitoshi. Orodha ya akiba isiyozingatia mitaa ni orodha ya majina tu.

3.4 Dozi ya pili na kalenda ya masomo

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba dozi mbili za AstraZeneca zitenganishwe kwa wiki 8 hadi 12. Muhula wa chuo huchukua takribani wiki 14 au 15. Mwanafunzi aliyepata dozi ya kwanza katika wiki ya sita atastahiki ya pili kati ya wiki ya 14 na ya 18, yaani wakati wa mitihani au baada ya kufunga, pengine akiwa kwao Busia au Makueni. Mwaka 2021 tatizo lilizidishwa na uhaba wenyewe, kwani India, zilikotengenezewa dozi zile, ilizuia kuziuza nje baada ya maambukizi kupanda kwake, na waliokuwa wamepata dozi ya kwanza wakasubiri.

Chanjo za aina nyingine zilianza kufika kwa wingi mwezi Agosti na Septemba 2021: Moderna, Johnson & Johnson, Pfizer na Sinopharm. Kwa mpangaji wa chuo, Johnson & Johnson ilikuwa na faida ya pekee kwa vile ilitolewa kwa dozi moja. Ilifaa zaidi kwa mwanafunzi anayekaribia kwenda mafunzoni nyanjani au kuhitimu, huku chanjo za dozi mbili zikiwafaa wa mwaka wa kwanza wenye muhula mzima mbele yao. Uamuzi huo hauhitaji fedha za ziada. Unahitaji tu idara ya afya na ofisi ya ratiba zizungumze.

Kumbukumbu za waliochanjwa zilihifadhiwa katika mfumo wa kitaifa wa mtandaoni ulioitwa Chanjo, na cheti kikapatikana humo. Faida yake ni kwamba mtu aliyeanzia chuoni aliweza kumalizia katika kituo kingine, kwa mfano Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iliyo karibu na Umoja na Kayole. Udhaifu wake ni kutegemea kitambulisho na simu. Vijana waliotimiza miaka 18 wakiwa wangali wakisubiri vitambulisho, jambo ambalo vijana wengi wa Kisomali wa Eastleigh wanalijua kwa urefu wake, walihitaji karani mwenye subira na njia mbadala ya kuwasajili.

4.0 Lugha ya Chanjo

Hatua zote zilizotajwa hupitia mdomoni mwa mtu. Tangazo, fomu ya ridhaa, ujumbe wa simu na maneno ya muuguzi ndivyo humfikisha mwanafunzi kwenye kiti au humrudisha nyumbani. Sehemu hii inachambua maneno machache yaliyobeba uzito huo.

4.1 Chanja na chanjo

Kitenzi chanja kwa asili humaanisha kukata au kutia mikato. Huchanjwa kuni, na huchanjwa ngozi kwa wembe ili kutia dawa, alama inayobaki ikiitwa chale. Chanjo ya ndui, iliyotangulia nyingine zote, ilitiwa kwa kukwaruza au kuchoma ngozi, na kitenzi hiki kikaafiki barabara. Baadaye sindano ilichukua nafasi ya mkwaruzo, na chanjo ya polio ikaja kwa matone yasiyogusa ngozi kabisa, lakini neno likabaki lilelile. Huu ni upanuzi wa maana: neno limeacha kutaja kitendo cha kukata, likataja lengo la kujenga kinga.

Kisarufi, neno hili lina jambo la kuvutia. Kauli ya kutendwa, nimechanjwa, humwonyesha mtu akitendewa. Lakini katika matumizi ya watu wengi, hasa Tanzania, nimechanja husemwa na mtu aliyepokea chanjo. Uchanjaji wa umma ulipozinduliwa huko tarehe 28 Julai 2021, uhamasishaji wake ulitumia mlingano wa sauti kati ya ujanja na kuchanja. Huko Nairobi, kudungwa kulisikika zaidi mitaani. Kauli hizi hazilingani kwa hisia. Anayesema nimechanja anajitwalia uamuzi. Anayesema nimedungwa anasimulia jambo lililompata. Mwandishi wa tangazo anayeandika chanja leo badala ya utadungwa leo amekwisha kumpa msomaji nafasi ya mtendaji.

4.2 Chanjo, dawa na tiba

Mara nyingi chanjo iliitwa dawa ya korona. Jina hili lilirahisisha mazungumzo, lakini lilipanda mbegu ya kukata tamaa. Dawa, katika matarajio ya watu, huondoa ugonjwa. Mtu aliyechanjwa akaambukizwa tena mwezi uliofuata alihitimisha kwamba dawa imeshindwa, na jirani zake wakamsadiki kwa kuwa walimwona. Kazi kuu ya chanjo za korona ilikuwa kupunguza ugonjwa mkali na kifo. Wahenga walikwishatenganisha dhana hizi waliposema kinga ni bora kuliko tiba. Mpango wa chuo ungeanza kwa kutumia neno kinga kila mahali ambapo kinga ndiyo inayokusudiwa, na kueleza wazi kwamba kinga hupunguza uzito wa pigo, pengine bila kulizuia lote.

4.3 Madhara, athari na maudhi

Baada ya kuchanjwa, wengi huumwa na mkono, huchoka au hupata homa ya siku moja au mbili. Hali hizi huitwaje? Fomu nyingi hutumia madhara. Lakini dhara ni jambo baya linalomharibia mtu. Mwanafunzi anayesoma kichwa kinachosema madhara ya chanjo ameambiwa, kabla ya maelezo yoyote, kwamba chanjo itamdhuru. Athari ni neno pana linalobeba mazuri na mabaya. Katika mawasiliano ya afya nchini Tanzania kumezoeleka maudhi madogo madogo, usemi unaokiri usumbufu pasipo kuukuza.

Hata hivyo, kulainisha maneno kuna mpaka wake. Zipo hali nadra na nzito, kama vile mgando wa damu uliohusishwa na AstraZeneca na Johnson & Johnson. Kuita hali hiyo maudhi madogo ni kumdanganya msomaji, na siku atakapougundua udanganyifu huo hataiamini fomu nyingine yoyote. Makala yanapendekeza tofauti thabiti: maudhi kwa hali za kawaida zinazopita, na madhara kwa hali nadra zinazohitaji daktari mara moja, kila moja ikifuatwa na dalili zake na namba ya kupiga.

4.4 Jaribio na utafiti

Mwanzoni mwa Aprili 2020, madaktari wawili wa Ufaransa walijadili katika runinga uwezekano wa kufanyia majaribio barani Afrika, na hasira ikaenea bara zima. Neno jaribio lilijeruhi kwa sababu mtu hujaribu kitu asicho na hakika nacho, na aliyejaribiwa alionekana kuwa kifaa. Katika mitaa kama Majengo, ambako utafiti umekuwepo kwa miongo kadhaa, swali la kama watu wanafanyiwa majaribio si upuuzi wa kubezwa. Lina historia. Jibu lake la haki ni kueleza kwamba chanjo iliyo kwenye kichupa imekwisha kupita majaribio yale, ni nani walioshiriki, na ni nani aliyeiidhinisha. Mwaka 2014, Maaskofu Katoliki wa Kenya walipotilia shaka chanjo ya pepopunda iliyotolewa kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49, serikali na mashirika ya afya ya Umoja wa Mataifa yalikanusha madai hayo, lakini shaka iliendelea kusimuliwa. Wasichana waliokuwa na umri wa miaka 14 wakati huo walikuwa na miaka 21 mwaka 2021. Ndio waliokuwa madarasani vyuoni.

4.5 Hiari, lazima na ridhaa

Tarehe 25 Machi 2021 Chuo Kikuu cha Rutgers cha Marekani kilitangaza kwamba wanafunzi wa muhula uliofuata wangetakiwa kuwa wamechanjwa, na vyuo vingi vya nchi hiyo vikafuata. Sharti hilo liliwezekana kwa sababu dozi zilikuwapo. Nchini Kenya, mwezi Novemba 2021, serikali ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba ambao hawajachanjwa wangenyimwa huduma za umma. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo tarehe 14 Desemba. Funzo kwa vyuo ni kwamba lazima isiyotanguliwa na dozi za kutosha wala maelezo yanayoeleweka huishia mahakamani au mitaani.

Ridhaa si sahihi iliyowekwa chini ya karatasi. Ni uelewa unaotangulia sahihi. Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari. Fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, ikasainiwa na mwanafunzi mwenye haraka ya kupanda matatu, inatimiza sheria kwa umbo bila kuitimiza kwa maana.

5.0 Kiswahili Sanifu au Sheng?

Eastlands ndiyo kitovu cha Sheng, msimbo ambao wataalamu kama Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliuchunguza katika makala yao ya mwaka 1997. Ni rahisi basi kudai kwamba ujumbe wa chanjo kwa vijana uandikwe kwa Sheng. Dai hili lina mvuto, lakini lina kasoro tatu. Kwanza, Sheng hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa; neno la Kaloleni laweza kuwa geni Dandora. Pili, hubadilika upesi, na bango lililochapishwa Januari laweza kuchekesha kufikia Juni. Tatu, Sheng ni kitambulisho cha rika. Taasisi inapoiandika katika karatasi yenye nembo yake, vijana huona mzee aliyevaa shati la mjukuu.

Hata hivyo, kuikataa kabisa ni kosa jingine. Maswali ambayo mwanafunzi haulizi mbele ya daktari huyauliza kwa wenzake barazani, na humo ndimo uamuzi hufikiwa. Linalofaa ni mgawanyo wa kazi. Fomu, maelekezo ya dozi na dalili za hatari viandikwe kwa Kiswahili sanifu chenye sentensi fupi, kwani humo kosa la maana laweza kuleta maafa. Mazungumzo ya ana kwa ana yaachiwe wanafunzi waliofunzwa, kila mmoja katika mtaa anaoishi, kwa lugha anayoizungumza kila siku. Kazi yao iwe kusikiliza kwanza, kisha kuripoti kwa idara ya afya maneno na maswali wanayoyasikia, ili tangazo la wiki inayofuata lijibu kilichoulizwa kweli.

Hapa ndipo chama cha wanafunzi wa Kiswahili kina nafasi isiyoweza kuchukuliwa na chama kingine. Wanachama wake wana stadi za tafsiri, istilahi na isimujamii, na wengi wao ni wakazi wa mitaa hiyohiyo. Wanaweza kutafsiri fomu na kuijaribu kwa kumtaka msomaji aieleze upya kwa maneno yake. Wanaweza kuandaa orodha fupi ya istilahi ili muuguzi, mlinzi na karani wasimwambie mwanafunzi mmoja mambo matatu tofauti. Istilahi za janga zenyewe ni uwanja mpana wa utafiti: jinsi barakoa, vazi la uso la wanawake wa pwani, lilivyopata maana ya kitabibu mwaka 2020, jinsi Tanzania ilivyounda UVIKO-19 kutokana na herufi za mwanzo za ugonjwa wa virusi vya korona, huku Wakenya wengi wakibaki na korona, na jinsi virusi vilivyozaa umoja, kirusi, kwa kufuata ngeli ya KI-VI.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba upangaji wa chanjo chuoni huanza mbali na ukumbi wa kuchanjia. Huanza kwa kujua mwanafunzi analala mtaa gani, atakuwa wapi wiki 12 baadaye, na anaelewa nini anaposikia neno chanjo. Kutokana na uchambuzi huo, yanapendekezwa mambo manne. Mosi, kila idara ya afya ya chuo iwe na orodha ya wanafunzi kwa mitaa, pamoja na vituo vya umma vilivyo karibu nao. Pili, ratiba ya dozi ipangwe pamoja na kalenda ya masomo. Tatu, istilahi za fomu na matangazo ziafikiwe mapema, zikitofautisha maudhi na madhara, kinga na tiba. Nne, wanafunzi wa Kiswahili wawemo katika kamati ya chanjo tangu mwanzo, wasiitwe mwishoni kutafsiri kilichokwisha kuamuliwa.

Kichupa kilichofunguliwa husubiri saa sita, kisha hutupwa. Imani ya mwanafunzi haina kipimo cha saa, lakini nayo huharibika ikishughulikiwa vibaya, na hakuna bohari ya kuagiza nyingine. Gharama ya kuilinda ni maneno yaliyochaguliwa vyema na mtu wa kuyasema, na vyote viwili vyuo vya Nairobi tayari vinavyo.